Kabla Hujaenda kwa Masista, Jifunze Kukamua Blanketi

Msichana akinipigia simu kuniambia anataka kwenda kwa masista, humuuliza swali moja kabla hajamaliza kunieleza ndoto zake: mara ya mwisho kununiana na mtu mnayelala chumba kimoja ilikuwa lini, na mlipatanaje? Wengi hunyamaza. Walikuwa wamejiandaa kuulizwa kama wanasali rozari kila siku.

Wananitafuta kwa kuwa mwaka wa 2025, kuanzia Januari hadi katikati ya Desemba, niliishi katika nyumba ya watawa upande wa Karen, hapa Nairobi, nikiwa postulanti, yaani msichana aliye katika hatua za mwanzo za kujiandaa kuwa mtawa. Tulikuwa mapostulanti sita, masista tisa, ng'ombe wawili, na mbwa mmoja aliyebweka kila kengele ilipolia. Sikuendelea na unovisi, hatua inayofuata. Kwa hiyo wengine huja wakitaka siri za ndani, na wengine huja na hofu kwamba nitawavunja moyo. Siri sina. Na moyo sitaki kumvunja mtu, ila nataka aende akijua anakoenda.

Tuanze na makaratasi, tuyamalize haraka. Utaulizwa cheti cha ubatizo na cha kipaimara, barua ya paroko wako, na ripoti ya daktari. Utaanza kama aspiranti au postulanti, kila shirika na utaratibu wake. Baadaye ndio unovisi, halafu nadhiri za muda, halafu nadhiri za daima. Sheria ya Kanisa hairuhusu mtu kuingia unovisi kabla ya miaka 17. Unovisi wenyewe lazima uwe na miezi 12 ndani ya nyumba ya unovisi, na ukikosekana hapo zaidi ya miezi mitatu, hata kama ni siku za kudokoadokoa, hauhesabiki. Nadhiri za muda nazo hazipungui miaka mitatu kabla ya zile za daima. Jumlisha mwenyewe uone kwamba hakuna anayekukimbiza. Na hadi siku ya nadhiri za kwanza uko huru kufunga sanduku lako ukaenda zako. Mimi haya niliyasoma nikiwa tayari ndani. Wewe yasome ukiwa bado nje.

Halafu uliza maswali ya pesa. Najua, tumelelewa kuona kwamba kumuuliza sista habari za pesa ni utovu wa adabu. Uliza tu. Nani atalipa SHA yangu, ile bima ya afya? Nitakwenda nyumbani mara ngapi kwa mwaka? Mama akiugua je? Nikiondoka, naondoka na nini? Hata mtawa aliyeweka nadhiri, akiondoka shirikani hawezi kudai malipo ya kazi aliyofanya miaka yote. Kanuni ya 702 ya sheria hiyo ya Kanisa ndiyo inasema hivyo, ila inalitaka pia shirika limtendee kwa haki na kwa upendo. Mimi sikuuliza lolote. Mwezi wa Tano jino likanishika hadi nikashindwa kutafuna, na ndipo nikakumbuka kwamba tangu niache kazi pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kawangware, michango yangu ya bima ilikuwa imesimama. Masista walitoa pesa taslimu, bila neno. Aibu ilikuwa yangu, kwa sababu mlezi wetu, sista aliyetusimamia mapostulanti, alikuwa ametuuliza Januari, mmoja mmoja, kama kuna jambo halijakaa sawa, nami nikajibu, "Hakuna, Sista."

Kulikuwa na jambo. Mimi ni kifungua mimba, na mdogo wangu alikuwa Kidato cha Pili. Karo yake nusu ilikuwa inatoka kwangu. Nilijiambia Mungu ataona, na kwa kweli aliona, ila aliona kupitia kwa mama aliyeuza mtamba wake Mumias. Mama hakuniambia. Niliambiwa na shangazi mwezi wa Nane. Ukiwa ndiye unayeshikilia nyumba, kaa na wenu kabla hujaenda, mhesabu shilingi kwa shilingi, na kama haiwezekani mwaka huu, ngoja mwaka ujao. Na ulipe Fuliza, ule mkopo wa kwenye M-Pesa. Sifanyi mzaha. Nilikabidhi simu yangu kwa mlezi ikiwa na deni la Fuliza, ikaingia kwenye bahasha yenye jina langu, na bahasha ikaingia kwenye droo. Simu tulikuwa tunapewa Jumapili saa nane mchana kwa saa moja. Jumapili ya kwanza niliitumia yote kumtafuta mtu wa kunilipia.

Sasa sala. Kengele ililia saa kumi na nusu alfajiri. Masifu, yaani sala ya zaburi, kisha tafakari, Misa, na hapo jua bado halijaamka vizuri. Mchana Malaika wa Bwana, jioni Masifu tena na rozari, usiku sala ya kulalia, kisha kimya kikuu hadi asubuhi. Nitasema ukweli: hadi Kwaresima nilisinzia kwenye tafakari karibu kila siku. Julai baridi ya Karen ilinisaidia kidogo, maana hakuna anayesinzia meno yakigongana. Nilipomweleza mlezi, nikitegemea hotuba, alisema, "Basi simama." Ndio ushauri wote niliopewa, na ulifanya kazi. Usijisumbue kutafuta joto la moyo kila asubuhi. Utafika, utafungua kitabu, utasoma zaburi ya siku hiyo hata kama inalia nawe umefurahi, au inacheka nawe umechoka.

Aliyenifundisha hilo bila kukusudia ni sista mzee wa nyumba, mwenye zaidi ya miaka 50 ya nadhiri. Kumbukumbu ilikuwa imemtoka. Aliniita kwa majina matano tofauti na hakuna hata moja lililokuwa langu. Akishakula alikuwa anauliza chakula kitaletwa saa ngapi. Jioni ilipokuwa zamu yangu nilimpelekea uji chumbani, na baada ya uji tulisali Masifu wawili, mimi nikisoma. Zaburi za Masifu zimepangwa kwa mzunguko wa wiki nne, na siku moja nilifungua ukurasa usiofaa. Sikufika mstari wa tatu. Alinigonga mkono kwa kijiko. "Hiyo ni ya wiki iliyopita," akasema. Nikaangalia. Ilikuwa ya wiki iliyopita. Kisha akaniuliza mimi ni nani.

Lakini nilianza na kununiana, na ndiko ninakotaka kukaa.

Konventi ina mapostulanti kutoka kila pembe ya nchi waliowekwa pamoja bila kuchaguana. Kwetu kulikuwa na mmoja wa Lodwar, mmoja wa Homa Bay, wawili wa Kiambu, mimi wa Mumias, na mwenzangu wa chumba wa Kitui. Mezani sheria ilikuwa Kiswahili au Kiingereza, hakuna kilugha. Usiidharau sheria hiyo. Watu wawili wakicheka kwa lugha usiyoijua, siku umechoka, utaapa kwamba wanakucheka wewe. Chakula nacho kina kabila. Omena iliwafukuza wa Kiambu mezani, na githeri ya kila Jumatano ilinifanya nimkumbuke mama kuliko sala yoyote.

Ugomvi wetu ulianza Mei mosi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, juu ya sufuria. Zamu ya jikoni ilikuwa yetu wawili. Sufuria ya ugali, ile kubwa ya watu kumi na watano, ilikuwa na ukoko ulioshika kama saruji. Mwenzangu aliilowesha akasema ataisugua asubuhi. Asubuhi mlezi aliikuta kwenye sinki na akanirekebisha mimi mbele ya wote, kwa kuwa jina langu ndilo lililokuwa juu kwenye orodha. Mwenzangu alinyamaza. Tulipobaki wawili nilimsubiri aseme pole, yeye akasema, "Nyinyi watu wa magharibi mnapenda ugali, lakini sufuria yake hamjui kuiosha." Nami, niliyekuwa nimetoka kupokea komunyo dakika arobaini zilizopita, nikamjibu kwamba kwao muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa, hupikwa kama kokoto.

Siku tisa. Tulilala vitanda viwili vilivyotenganishwa na kiti kimoja, na kwa siku tisa hatukusemezana. Na hapa ndipo ninataka unisikilize vizuri, wewe unayejiandaa kwenda. Konventini unaweza kununa na mtu na kila mmoja akakuona mtakatifu. Usiku kuna kimya kikuu, huna haja ya kumpa mtu usiku mwema. Asubuhi kuna tafakari. Kazini unaambiwa ufanye kazi kwa utulivu. Kwenye Misa, wakati wa kupeana amani, nilimpa ncha za vidole huku nikiangalia mshumaa. Hakuna aliyegundua, au ndivyo nilivyodhani. Siku hizi nikiwa kimya mahali popote huwa najiuliza kama nasali au nimenuna, na jibu si zuri kila mara.

Katikati ya siku hizo tisa kulikuwa na usiku mmoja wa ajabu, lakini lazima nirudi nyuma kidogo. Jumatatu ya Pasaka, Aprili 21, tulikuwa tunaosha masufuria ya pilau ya jana yake, asubuhi kama saa tano, mlezi akaingia jikoni ameshika simu. Simu jikoni peke yake ilikuwa habari. Akasema Baba Mtakatifu Fransisko amefariki. Sista mmoja, mtu mkavu asiyetoa machozi ovyo, alikaa juu ya gunia la viazi. Mwaka 2015, Papa alipokuja Nairobi, sista huyo alikuwa kule shule ya St. Mary's siku ya Novemba 26, alipokutana na mapadri, watawa na waseminari. Usiku ule mezani alituambia alichokumbuka. Papa aliwaambia kwamba katika wito huu watu huingia kwa mlango, na mlango ni Yesu, ila wako wanaoingia kupitia dirishani. Na mkimwona wa dirishani, aliwaambia, mkumbatieni mumweleze kwamba ni heri aende akamtumikie Mungu mahali pengine. Nililala nikijiuliza mimi niliingia wapi. Duka lilikuwa limenichosha, na mwanamume niliyemtarajia alikuwa amemwoa mwingine. Niliziandika sababu zangu kwenye karatasi. Andika nawe zako, zile za kweli, uzisome baada ya miezi sita. Dirisha linaonekana vizuri zaidi ukishakuwa ndani.

Basi, Alhamisi ya Mei 8, makardinali wakiwa Roma kumchagua Papa mpya, tulikuwa tumeruhusiwa kutazama taarifa ya habari ya saa moja. Haikuchukua hata dakika kumi, moshi mweupe ukatoka. Tulipiga kelele hadi mbwa akaanza. Chakula kilipoa. Ilipofika kama saa mbili na robo jina likasomwa, Robert Prevost, sasa Leo wa Kumi na Nne, na mtu akapaza sauti, "Ni mtawa! Ni wa Mtakatifu Augustino!" kana kwamba tumeposwa sisi. Nikajikuta nimemkumbatia mtu kwa nguvu zote. Alikuwa mwenzangu wa Kitui. Tulikumbuka kwa wakati mmoja kwamba tumenuniana, tukaachana kama tumeshika jiko la moto.

Jumamosi iliyofuata jua lilitoka baada ya mvua za wiki nzima. Mlezi alituita sisi wawili, akatupa beseni lenye blanketi la sista mzee, zito, limeloweshwa tangu usiku. Hakusema kitu zaidi ya "Likauke leo." Kumbe alikuwa ameona kila kitu tangu siku ya kwanza.

Blanketi haikamuliki na mtu mmoja. Tulilifua kimya, tukalisuuza kimya, kila mmoja akashika ncha yake, tukazungusha. Likazunguka lote kama kamba ya kuruka. Tone halikutoka. Tukazungusha tena, likazunguka tena.

"Unazungusha wapi?" akauliza. Neno la kwanza kwa siku tisa.

"Kulia."

"Mimi kushoto. Mmoja abadilishe."

Nikabadilisha. Yeye naye akabadilisha. Blanketi likazunguka lote upande wa pili, kavu kabisa kwa maana ya kwamba maji yote yalikuwa bado ndani. Tuliangaliana. Aliyeanza kucheka sikumbuki ni nani, lakini tulicheka hadi tukaliangusha kwenye matope na ikabidi tulifue upya. Pole ya sufuria alinipa wakati wa kulianika, bila kuniangalia, akiwa na vibanio mdomoni. Yangu ya muthokoi nilimpa jioni.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu maisha ya jumuiya ni wa mikono. Ukikosana na mtu, usikimbilie kuomba mkutano wala kuandika barua ndefu ya msamaha. Tafuta kazi isiyofanyika na mtu mmoja, umwombe mfanye pamoja. Kuhamisha kitanda, kushika kuku wa kuchinja, chochote. Na ukirekebishwa kwa kosa lisilo lako, subiri siku moja kabla ya kujitetea. Wakati mwingine utagundua ni lako kidogo. Jina langu lilikuwa juu kwenye orodha, na usiku ule niliipita ile sufuria mara mbili.

Kuhusu ufukara nitasema machache, kwa sababu ndio ulioniaibisha kuliko yote. Nilidhani ufukara ni kula kidogo. Nilikula mara tatu kwa siku mwaka mzima, zaidi kuliko nilivyokula Kawangware. Kule ndani ufukara maana yake ni kuomba. Dawa ya meno imeisha, unaomba. Nauli ya kwenda kwa daktari wa meno, unaomba, na unarudisha chenji na risiti. Mtu mzima wa miaka 26 aliyekuwa na funguo za duka! Wengine huzoea. Mimi nilizoea nusu.

Jumapili alasiri, baada ya ile saa ya simu, tulikwenda jumuiya Kuwinda, kile kijiji cha mabati kilichobanwa katikati ya majumba ya Karen. Jumuiya ndogondogo ndizo maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana hapa Nairobi mwaka 1973, walisema Kanisa la huku lijengwe juu yake, na ukitaka kujua kama walikuwa sahihi, nenda ukakae kwenye kibao kwa mama muuza mboga. Tunasoma Neno kwa zile hatua saba, wakati wa Kwaresima tunapitia kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima cha maaskofu wa Kenya, tunachanga za mgonjwa, tunaondoka. Niliitwa "Sista" ingawa nilikuwa na sketi ya buluu tu, bila shela. Siku moja mama mmoja aliniomba nimwombee mwanawe, nikamwombea kwa maneno mengi mazuri. Nilipomaliza akaniuliza taratibu, "Sista, kwenu kuna maji?" Kwao bomba lilikuwa limekauka siku sita. Kwetu kulikuwa na kisima. Nilikwenda kumwambia mlezi jioni ile, nikitetemeka kama nimeiba. Kuanzia wiki iliyofuata lango la nyuma lilifunguliwa kila Jumanne na Ijumaa kwa wenye mitungi. Nikipewa nafasi ya kuurudia mwaka ule, ningeanza kuuliza watu habari za maji kabla ya kuwaombea.

Kuondoka kwangu hakukuwa na kisa. Mwezi wa Kumi tulifanya mafungo ya siku nane, na siku ya tano nilitembelea Bustani ya Ufufuo, mahali pa sala hapo Karen alipozikwa Kardinali Otunga, nikapita vituo vya Njia ya Msalaba peke yangu. Nikaitoa ile karatasi ya sababu zangu. Niligundua kwamba kwa miezi mingi nilikuwa nasubiri Jumapili kuliko siku nyingine zote, na nilichosubiri kilikuwa nje ya lango. Nyumba niliipenda. Masista niliwapenda, hata yule aliyehesabu viberiti. Nilimwambia mlezi, na alinisikiliza bila kunikata. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mtaani walisema nimefukuzwa. Wengine walinitazama tumbo. Kama wewe ni mzazi na binti yako amerudi, mpe chai, mpe kitanda, na maswali yakae kwanza. Mama yangu alifanya hivyo. Swali lake la kwanza lilikuja siku ya nne, tukichambua mboga: "Na huko, mlikuwa mnapika nini?" Nilimweleza hadi giza likaingia.

Na kama una rafiki aliyebaki, usimwache kwa sababu wewe umetoka. Mwenzangu wa Kitui aliingia unovisi Januari iliyofuata. Simu hana, kwa hiyo tunaandikiana barua za karatasi, naye hunisimulia mambo madogo, jinsi nipendavyo. Katika barua ya mwisho alisema amepangiwa kufua na novisi mwenzake kutoka Marsabit, msichana mpole sana, mwenye sauti nzuri ya kuimba zaburi. "Tatizo lake ni moja tu," ameandika. "Nikimwambia mmoja abadilishe, tunabadilisha wote."